Jina la Judica kwenye Mita ya Watu

Judica Mbwambo alikuwa ameishi Guangzhou, kusini mwa China, miaka kumi na mmoja, na tisa kati ya hiyo aliitumia kuwa mdomo wa watu wengine. Kazi hiyo hakuiomba. Ilimjia kidogo kidogo baada ya kumaliza shahada yake ya uzamili na kuajiriwa kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale Sanyuanli, alikokaa meza ya pili kutoka mlangoni akiandika orodha za mizigo inayokwenda Dar es Salaam na Mombasa. Watanzania wa mjini wakagundua kwamba yule dada Mpare hana Kichina cha sokoni tu, kile cha kuuliza bei na kujibiwa "meiyou", hakuna. Yeye anakisoma. Anasoma mkataba, anasoma cheti cha daktari, anasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni na polisi. Basi wakawa wanampigia.

Aliwahi kusimama kwenye chumba cha kujifungulia, akimtafsiria mama wa Tanga asiyemjua amri ya kusukuma. Aliwahi kumweleza mfanyabiashara wa Kigoma kwamba figo zake zimechoka, huku akitafuta neno laini la Kiswahili na daktari akimhimiza amalize. Jioni akirudi kwenye chumba chake hakutaka kusema neno, kwa lugha yoyote. Alivua viatu, akakaa kitandani na koti lake, akasikiliza lifti ya jengo ikipanda na kushuka.

Si kwamba watu walikuwa wabaya. Walimshukuru sana. Walimletea dagaa, kahawa, na khanga ambazo hakuwa na pa kuzivalia. Walimwita dada hata waliomzidi umri. Lakini shukrani nazo zilimchosha, maana kila aliyeshukuru alimpa namba yake mtu mwingine.

Mmoja wa watu hao alikuwa Dullah. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Magomeni, mwenye miaka arobaini na tano, mcheshi, mwenye mazoea ya kumalizia kila ahadi kwa inshallah hata pale jambo lilipokuwa mikononi mwake mwenyewe. Alikuja mara nne kwa mwaka kununua mizigo Zhongda, kwenye lile soko la vitambaa ambalo mgeni akiingia bila mwenyeji hutokea mlango asioujua. Alikuwa amechoka na hoteli. Akapata chumba na sebule ghorofa ya tano, dakika kumi kwa miguu kutoka sokoni, kwa bi mmoja mstaafu aliyeitwa Mama Liang.

Mama Liang alikuwa na sharti moja. Mpangaji aliyetangulia alimwachia bili na ugomvi, na mita ya umeme ilikuwa kwa jina lake yeye mwenye nyumba. Safari hii hakutaka tena. Anayekaa ndiye awe na mita, alisema, ama chumba anampa mwingine.

Dullah alimfuata Judica ofisini saa ya chakula cha mchana, mwezi wa kumi na moja. Akavuta kiti, akaketi mbele ya bakuli lake la tambi.

"Dada Judica, ni jina tu," alisema. "Bili nitalipa mwenyewe, kwa simu yangu. Wewe hutagusa hata senti."

"Kwa nini usiende dirishani kwenye ofisi ya umeme?"

"Nimekwenda. Wanataka mkataba, wanataka pasi iliyotafsiriwa, halafu nisubiri siku tano za kazi. Na mimi keshokutwa naruka. Yule mama anasema leo au basi."

"Na kwenye simu, ile programu yao?"

"Simu inaikataa pasi yangu. Wewe una kibali cha ukaazi cha mwaka mzima, wewe itakukubali mara moja. Mama Liang mwenyewe ndiye aliyesema, mlete yule dada mwenye kibali."

Judica aliitazama tambi yake ikinywa mchuzi. Alijua kwamba ili mita iandikwe kwa jina lake, mkataba wa upangaji nao lazima uwe kwa jina lake. Hakuna anayebeba mita ya nyumba asiyoipanga. Alimwambia Dullah hivyo. Dullah akasema Mama Liang hana neno, mkataba utaandikwa vyovyote.

Wakaenda jioni hiyo. Mama Liang aliwapokea kwenye duka la mpwa wake la vifungo na zipu, chini ya jengo. Karatasi zilikuwa tayari juu ya kioo cha meza. Judica, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiwasomea wengine, alisoma. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mpangaji aliyetajwa humu ndiye mtumiaji wa nyumba, na ndiye atakayejibu kuhusu moto, umeme, maji, na mtu yeyote atakayekutwa ndani. Alikisoma mara mbili. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba hakudanganywa na mtu, na wala hakukosa kuelewa.

Kukataa kungetaka nguvu. Kungetaka maelezo, na uso wa Dullah kubadilika, na pengine simu tatu za watu wa heshima kumwombea. Kusaini kulitaka kalamu, na kalamu ilikuwa pale.

"Nikirudi mwezi wa tatu tunabadilisha," Dullah alisema walipotoka. "Inshallah."

Mwezi wa tatu alirudi kweli, lakini akaja na kontena lililokwama, na kila walipoonana walizungumza habari za kontena. Mwezi wa nne Judica alishinda Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho, akiwatafsiria wanunuzi wa pampu za maji mpaka miguu ikavimba. Dullah akaondoka. Mwaka ukapita hivyo, mita ikiwa kwa jina la Judica, naye akiwa hajapanda hata ngazi za nyumba ile.

Kila mwezi ujumbe mfupi uliingia kwenye simu yake kwamba bili ya umeme imelipwa. Aliuona, akaufuta. Mwezi wa tisa aliona kiasi kimepanda karibu mara sita. Akajiambia ni kiyoyozi, maana Guangzhou ya mwezi wa tisa bado inachemka. Mwezi wa kumi kilikuwa kikubwa zaidi, na joto lilikuwa limeanza kupungua. Alikaa na simu mkononi kwa muda. Angempigia Dullah, Dullah angeanza salamu, salamu zingefika kwa mama yake na biashara, na mwisho wa yote kungekuwa na ombi. Akaufuta ujumbe.

Polisi walimpigia Jumanne, saa nne asubuhi.

"Wewe ndiye Zhu-di-ka?" sauti ya kijana iliuliza. "Mpangaji wa ghorofa ya tano?" Akamtajia mtaa. Boksi la mita kwenye ngazi lilikuwa limewaka moto asubuhi ile. Moto ulizimwa, lakini moshi ulijaa jengo zima na kuna mtu ameungua. "Njoo na pasi yako. Leo."

Judica alimwendea bosi wake, aliyemwita laoban kama kila mtu pale anavyomwita bosi, akamweleza kwa ufupi. Laoban hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Nenda," alisema. "Ofisi usiitaje." Lakini ofisi ilikuwa imeshatajwa, kwa sababu kibali chake cha ukaazi kilikuwa na jina la ofisi hiyo.

Alipanda metro hadi wilaya ya Haizhu akiwa amesimama njia nzima, ingawa viti vilikuwepo. Alipofika, ukuta wa ngazi ulikuwa mweusi kuanzia ghorofa ya nne kwenda juu, na harufu ya plastiki iliyoungua ilimshika kooni. Mlango wa nyumba yake, nyumba ambayo hakuwahi kuiona, ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa na vyerehani sita vya umeme, pasi mbili kubwa za mvuke, na marobota ya suruali za watoto yaliyofungwa kwa kamba. Waya ulitoka kwenye swichi, ukapita juu ya fremu ya mlango, ukashuka mpaka kwenye boksi la mita ngazini. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha Dullah.

Kwenye ngazi aliketi mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimebanwa kwa kibanio cha plastiki. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Baadaye Judica alikuja kujua kwamba anaitwa Bi Zhou, anatoka Hubei, na ameshona kwenye mitaa ile tangu msichana. Alimtazama Judica kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye laoban?" aliuliza.

"Hapana. Si mimi."

"Jina lako liko kwenye mita. Aliyetuajiri alituonyesha. Alisema tusiogope ukaguzi, nyumba ni ya mgeni, Mwafrika, ana karatasi zote."

Judica aliitazama ile bandeji. Akauliza tu mkono umeumia vipi. Bi Zhou akasema waya ulianza kutoa cheche, akakimbilia kuzima swichi kubwa, na swichi yenyewe ikamlipukia. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Kidole gumba na viwili vinavyofuata. Vile vya kushikia kitambaa.

Judica alishuka ghorofa mbili, akampigia Dullah. Dar ilikuwa saa moja asubuhi, na nyuma ya sauti yake kulisikika vikombe.

"Dada Judica! Habari za huko? Wazima?"

"Kaka Dullah, nyumba yako imewaka moto."

"Nyumba ipi?"

Akamwambia. Dullah akavuta pumzi. "Subhanallah. Dada, ile nyumba niliiacha tangu mwezi wa sita. Nilimwachia Mchina mmoja, yule aliyekuwa ananishonea sampo, zile nguo za mfano. Wakakubaliana na Mama Liang wenyewe kwa wenyewe, mimi nikarudisha funguo."

"Na mita?"

Sauti ya vikombe ilikatika, kana kwamba ametoka chumbani.

"Nilisahau, dada," Dullah alisema. "Wallahi nilisahau."

Alimwamini. Ingekuwa afadhali kama angekuwa amemtapeli, kwa sababu hapo angepata wa kumkasirikia, na hasira humsimamisha mtu. Sasa alibaki ameegemea ukuta wenye masizi, koti lake likichafuka, mbele yake mtu mwema aliyesahau.

Kituoni walimkalisha kwenye benchi pamoja na Mama Liang. Bi kizee yule alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, macho yakiwa sakafuni. Alipoulizwa alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mpangaji wake ni huyu mgeni, mkataba upo, na yeye hamjui mwingine. Judica alimgeukia. Mama Liang hakugeuka.

Afisa aliyempigia simu alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alipanga karatasi tatu mezani, moja baada ya nyingine. Mkataba wa upangaji. Usajili wa mita. Na ya tatu, usajili wake wa makazi, ule ambao kila mgeni huufanya polisi, ukionyesha kwamba Judica Mbwambo anaishi wilaya ya Baiyun, upande mwingine wa mji.

"Unaishi wapi?" aliuliza.

Judica alitazama karatasi.

"Nikueleze ninachokiona," afisa alisema. "Kama unaishi Haizhu, basi hukujisajili huko, na kiwanda kile ni chako, na yule mama aliyeungua ni mfanyakazi wako. Kama huishi Haizhu, basi huu mkataba si wa kweli, na umeupeleka ofisi ya umeme kama wa kweli. Sijui ni lipi kati ya hayo. Wewe unajua."

Kwa miaka tisa alikuwa amesimama pembeni ya watu walioketi kwenye kiti kama kile. Alizoea kusikia swali, kuligeuza, kumpa mwenyewe, kulirudisha jibu. Maneno hayakuwa yake, na kwa hiyo hayakumtetemesha. Sasa Kichina chake kilimkwama. Alianza sentensi akaikosea, akaianza tena. Mwisho alisema kwa maneno mafupi kama ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siishi pale. Sijawahi kulala pale. Nilisaini kwa ajili ya mtu mwingine. Nilisoma mkataba kabla ya kusaini. Nilijua.

Afisa aliandika. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Kama ulijua, kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka," Judica alisema.

Kijana aliinua kichwa, akamtazama, akakirudisha kwenye karatasi. Neno hilo Judica hakujua kama liliandikwa.

Kilichomsaidia ni malipo. Bili hazikuwahi kulipwa na yeye. Hadi mwezi wa sita zilitoka kwenye simu ya Dullah, na kuanzia mwezi wa saba zilitoka kwa mtu mwingine ambaye polisi waliweza kumpata. Dullah naye, haki yake apewe, hakukimbia. Ndani ya saa moja alituma picha za pasi yake, mihuri ya kuingia na kutoka, na mazungumzo yake yote na yule mshonaji wa sampo. Akarekodi maelezo kwa sauti, akilia kidogo, na Judica akaketi pale kituoni akiyatafsiri, neno kwa neno, hata pale Dullah aliposema kwamba dada huyu ni mtu wa watu na hana kosa. Alisita kwenye maneno "hana kosa". Kisha akayatafsiri pia, kwa kuwa ndiyo kazi.

Mwenye kiwanda alipatikana baada ya siku tisa, kwenye mtaa mwingine wa vyerehani, na matibabu ya Bi Zhou yakawekwa juu yake. Mama Liang alipewa onyo. Judica naye alipewa onyo la maandishi na faini kwa ule mkataba wa uongo. Ofisi ya umeme ilikuwa na hesabu yake tofauti. Umeme wa nyumbani umetumika kiwandani, kwa hiyo kuna adhabu, na anayedaiwa ni mwenye jina kwenye mita. Kama ana madai kwa mtu mwingine, mwanamke wa dirishani alimwambia, hiyo ni kati yake na mtu huyo. Dullah akaapa kulipa yote. Alilipa sehemu, na iliyobaki ikawa inshallah.

Pigo lenyewe lilikuja mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kuhuisha kibali. Kila mwaka alipewa mwaka. Safari hii alipewa miezi sita, na karatasi yenye mstari mmoja kwamba mwenendo wake utaangaliwa upya. Laoban aliisoma akiwa amesimama.

"Wateja wanakupenda," alisema. "Lakini forodha wakiuliza ni nani anayesaini karatasi zetu, nataka niseme jina bila kufikiri. Tuone hiyo miezi sita." Kuanzia siku hiyo karatasi za forodha zilisainiwa na aliyekaa meza ya tatu.

Jumapili moja kabla ya mwaka mpya wa Kichina, Judica alikwenda kumtazama Bi Zhou. Bi Zhou aliishi kwenye chumba kimoja na wanawake wengine wawili, nyuma ya soko. Judica alibeba balungi kubwa lile la kusini, zito kama kichwa cha mtoto. Bi Zhou alilipokea kwa mkono wa kushoto. Bandeji ilikuwa imeondolewa, ngozi ilikuwa nyekundu na laini kama ya mtu mwingine, na kidole gumba kilikuwa hakikunjiki.

"Hukujua kuhusu kiwanda?" Bi Zhou aliuliza.

"Sikujua."

"Lakini ulisaini."

"Nilisaini."

Bi Zhou alitikisa kichwa taratibu. Akajaribu kulimenya balungi kwa mkono wa kushoto, likamshinda. Judica akalichukua, akalimenya, akaligawa vipande. Wakala hadi kipande cha mwisho. Alipoaga, Bi Zhou hakumwambia aje tena, wala hakumwambia asije.

Mwezi wa tatu alipigiwa na Elinami, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa aliyehamia mjini kwa ufadhili, mkewe akitarajiwa kufika baada ya wiki mbili. Amepata nyumba nje ya chuo, mwenye nyumba anataka mita ihamishwe, na simu imeikataa pasi yake.

"Nimeambiwa wewe huwa unasaidia, dada," alisema. "Ni jina tu, mpaka mke wangu atulie."

"Jina langu sitoi," Judica alisema. Alishangaa kwamba sauti yake haikupanda. "Nitakusindikiza dirishani."

"Wanasema dirishani ni kazi ndefu."

"Ni ndefu."

Wakaenda siku ya Alhamisi. Mkataba, nakala ya pasi, tafsiri yenye muhuri, fomu. Fomu ilikuwa na kosa, wakaijaza tena. Saa sita dirisha likafungwa kwa chakula, wakasubiri kwenye viti vya chuma, wakala mikate ya mvuke kutoka dukani. Saa nane likafunguliwa. Mhudumu aliwapigia simu wakubwa wake mara mbili kuuliza jinsi ya kuliandika jina lenye herufi nyingi hivyo. Hatimaye akamsukumia Elinami karatasi, akamwonyesha pa kusaini, akasema mita itasoma jina lake baada ya siku tano za kazi.

Kazi yote ilikuwa imekula saa nne na nusu tu, pamoja na chakula. Judica aliitazama saa ya ukutani mara ya pili, kuhakikisha.

Elinami alikunja karatasi zake, akaziweka kwenye begi, akasimama. "Asante sana, dada. Tunaweza kwenda?"

"Tangulia," Judica alisema. "Nakaa kidogo."

Akakaa pale kwenye kiti cha chuma, mikono mapajani, watu wakipita na namba zao za foleni, hadi mhudumu alipomuuliza kwa Kichina kama kuna kingine anachohitaji. Akasema hakuna.